Mfuniko Wenye Kufuli Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Mtaro umefukiwa leo. Bomba moja, nyaya za mtandao za kampuni mbili: yetu na ya jirani. Mabosi wamepeana mikono, wamepigwa picha. Kuchimba mara mbili ya nini, wanasema. Sawa. Lakini kila mfuniko wa shimo la nyaya una kufuli mbili! Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao fundi wa jirani. Hakuna kufungua mpaka tuwepo wote. Nikamwambia tumekuwa mke na mume wasioaminiana. Alicheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 6 Machi
Mama kaanguka bafuni. Mdomo umeenda upande. Hospitali yetu haina daktari wa ubongo — picha za kichwa zinatumwa kwa mtandao hospitali kuu, na daktari wa huko ndiye anayeelekeza dawa. Kesho atapigwa nyingine. Dada yangu kauliza, na mtandao ukikatika? Nikamtuliza. Hospitali ina laini yetu, na ya jirani ni ya akiba. Ikifa hii, inashika ile.

Alhamisi, 7 Machi
Mtandao umekatika! Wote! Greda la barabara limeng'oa bomba. Laini yetu na ile ya akiba zimo humo humo. Nilifukia kwa mikono yangu, halafu jana nikamwambia dada asihofu. Akili ilikuwa wapi?

Picha ya pili imepigwa, haiendi popote. Daktari wa hapa anaogopa kubahatisha: dawa ya kuyeyusha damu itamuua Mama kama ndani ya kichwa panavuja. Dada kaja mbio kunieleza, karudi mbio. Simu nazo kimya, minara inategemea bomba hilo hilo.

Mchana
Nimekaa kando ya mfuniko, mashine ya kuungia nyaya mapajani. Waya wa ziada wa kuungia palipokatika umo humu chini. Kufuli yangu nimefungua. Fundi wa jirani yuko mji wa pili, dereva wetu amemfuata. Nimegonga kufuli yao kwa nyundo mpaka mkono umekufa ganzi. Mlinzi wao alinikataza — ndugu yangu, nitafukuzwa kazi! — kisha akanipokea nyundo, akagonga yeye. Wapi. Tulichagua kufuli imara.

Naogopa. Sina la kufanya, ndiyo maana naandika.

Kuna mtu barabarani. Si gari. Ni dada, kwa miguu, anatoka hospitali. Nimempigia kelele: fundi anakuja! Kakumbatia kanga ya Mama. Asubuhi alikuja mbio. Sasa hakimbii.