Siku Uliyopiga Hodi Bondeni

Bondeni, Mombasa
24 Februari 1997

Mdogo wangu Charo,

Pokea salamu zangu, na za mama umfikishie kabla hujasoma zaidi. Natumaini barua hii inawakuta nyote na afya, mguu wa mama umepungua uvimbe, na kisima hakijakauka kwa jua hili. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio ulionishikisha kalamu, kwa hivyo nivumilie nikianzia mbali.

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeniandikia kwamba mama amefurahi mno kusikia nimefaulu, kwamba atafanya maombi ya shukrani na kuchinja mbuzi kama marehemu baba alivyotaka, na kwamba wenzangu wa Bondeni wote wanakaribishwa isipokuwa Griffins. Nimeisoma mara tatu, na siwezi kuja kuila nyama hiyo kabla hamjajua kilichotokea.

Unajua miaka minne nilikuwa nikisomea shahada kwa njia ya posta, na mchana naandika mizigo katika ghala la Shimanzi. Baba aliwatangazia watu kanisani kwamba mwanawe ni wa chuo kikuu, nami nikiinamisha kichwa, kwa sababu katika mtihani wa takwimu nilikuwa nimeanguka na chuo kikanipa nafasi moja tu ya kuurudia. Ningeanguka tena, miaka yote minne ingepotea bure. Hilo sikumwambia yeyote nyumbani.

Sasa ifikirie nyumba niliyosomea. Joab, karani wa reli, hufungua redio akiamka na kuizima akilala. Wimbo akiujua huuitikia, asipoujua huuitikia vilevile. Griffins, wa bandarini, hucheza drafti ukumbini kwa vizibo vya soda, na kila akimla mwenzake lazima akipigize kizibo ubaoni na kucheka mpaka jirani wa tatu ajue nani kashinda. Nilisoma na pamba masikioni. Nilisoma chooni, Charo, mpaka wakaniuliza kama tumbo limeniharibika.

Wiki mbili kabla ya mtihani, mwezi wa Novemba, uvumilivu ukaniisha. Niliwafokea, nikawaambia hawajui kitabu ni nini. Joab aliinuka. Alikwenda akaizima redio na kuipandisha juu ya kabati. Griffins alikusanya vizibo vyake, kisha akaja kuniuliza taratibu kama kuna jingine la kunisaidia. Nikamwambia yeyote atakayeniulizia aambiwe nimekwenda Voi kikazi. Akaniuliza, hata ndugu? Nikamjibu, hata ndugu. Tangu siku hiyo watu wazima wawili wakawa wananyata katika nyumba wanayoilipia kodi.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Alhamisi iliyotangulia, alasiri, ukaja wewe, na Griffins akakwambia nimekwenda Voi. Nawe, kama tulivyolelewa, hukumwaga habari nzito mbele ya mtu usiyemjua. Kwetu habari ya namna ile hupewa mwenyewe, akiwa ameketi. Ulisema nyumbani kwema, ila nikirudi nahitajika, ukaaga.

Ijumaa baba akafariki. Jumamosi mkapeleka tangazo la kifo redioni, jina langu likasomwa, na redio ya Joab, ambaye hapitwi na tangazo, ilikuwa juu ya kabati kwa amri yangu. Jumapili mkaningoja mpaka jua likaanza kupungua, kisha wewe, mtoto wa pili, ukatupa udongo wa kwanza uliokuwa wangu. Jumatatu niliketi katika shule moja ya Kizingo nikajibu maswali yote. Jumanne nikafika nyumbani Kaloleni, nikakuta kaburi.

Mama aliponiuliza nilikuwa wapi, nilisema Voi. Aliponiuliza kwa nini ujumbe haukunifikia, nilisema Griffins hakujishughulisha hata kunipigia simu. Mama akaapa kwamba mtu huyo hatakanyaga kwake. Nawe ulipokuja mjini wiki iliyofuata ulimtukana mlangoni, ukamwita mtu asiye na utu, majirani wakisikia. Nilikuwa nimesimama kando yake. Griffins, asiyeweza kunyamaza hata padri akiomba, alikusikiliza mpaka ukamaliza, wala hakunitazama. Nilipowaambia wafungue redio, mtihani umekwisha, Joab alinijibu kwamba nyumba ina msiba. Waliomboleza na mimi mwezi mzima.

Charo, sikuwa Voi. Nilikuwa chumbani, nyuma ya mlango, hatua mbili kutoka uliposimama. Nilikujua kwa hodi yako. Na uliposema kwema nilijua si kwema, maana sauti ilikukatika, na hujapata kuja mjini siku ya kazi. Nilijua ni baba, ugonjwa umemzidi. Nilikaa na kitabu mapajani, nikakusikia unavaa viatu, nikakusikia unatoka. Nilijiambia ni siku nne tu, baba atanisubiri.

Griffins aliingia mbio akaniambia yule ni ndugu yangu, macho yake yamejaa machozi, nimkimbilie kabla hajapanda gari. Nikamwambia atoke, anifungie mlango. Huyo ndiye ambaye mama alimkataza kufika kwake.

Nisamehe, ndugu yangu, ukiweza. Aibu niliyo nayo haina pa kuwekwa. Baba alikufa akiniulizia, na mimi nilikuwa Bondeni nikipiga mahesabu.

Barua hii msomee mama, maana hakuna mwingine wa kumsomea. Najua utataka kuruka mahali ili kumhurumia yeye, au mimi. Usiruke hata neno. Kama baada ya kusikia bado atachinja mbuzi, ni hiari yake. Akisema nisije, sitakuja, lakini Griffins mpokeeni. Nimemweleza njia, na amekubali kuja.

Wasalimie shangazi na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Joab anakusalimu. Griffins naye ameniomba nikupe salamu, na hakutaka niongeze neno.

Kaburini bado sijatia udongo. Nangoja mama aseme.

Ni mimi kaka yako,
Karisa