Kasandra, Si Kasanda

Februari 9

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, wasiwasi wangu ni wewe. Mjukuu wako amezaliwa juzi, wa kike, analia utadhani ananadi mitumba. Tumemwita Kasandra. Baba yake kalitoa kitabuni, anasema ni jina la Wagiriki wa kale, maana yake anayeng'aa kuliko watu wote.

Mama, na ule uvimbe wa kwapani? Niliugusa nilipokuja mwezi wa kumi na mbili, nikikusugua mgongo, na haukunipendeza. Nenda hospitali. Usiniambie ni jipu.

Binti yako

Februari 27

Mwanangu,

Marahaba, na hongera ya uzazi. Mimi mzima wa afya, mguu tu unaniuma nikikanyaga cherehani sana.

Sasa wewe! Nimesoma barua, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kasanda? Jina gani hilo? Umri wangu wote nashona mapazia ya watu, na mtaani kukitokea msiba mimi ndiye naitwa kukata sanda. Leo mjukuu wangu mwenyewe mnamwita Kasanda, sanda ndogo! Jirani wa mlango wa pili nilipomtajia alishika mdomo. Badilisheni. Mkwe wangu afundishe hesabu, majina aniachie mimi.

Jipu linakaribia kuiva.

Mama yako

Machi 20

Mama,

Shikamoo. Ni Kasandra, kuna r hapo, irudishe mahali pake! Nimecheka mpaka mtoto akaamka.

Halafu kicheko kikaniisha, maana kile kitabu nami nimekisoma. Mume wangu aliishia mstari wa kwanza, na hiyo maana ya kung'aa hata wataalamu wanaibishania. Kasandra alikuwa binti wa mfalme wa Troya. Apolo, mmoja wa miungu yao, alimpenda akampa kipaji cha kuona mambo kabla hayajatokea. Binti akamkataa. Basi akamlaani: atasema kweli na hakuna atakayemwamini. Maadui walipoacha farasi mkubwa wa mbao langoni, alilia, jamani msimwingize, tumboni mna askari. Wakamwona kichaa. Mji ukateketea.

Nilipofika hapo nilikuwa nakuwaza wewe. Hilo si jipu, mama. Mtu akija kwenye duka langu la miwani kupimwa macho, akaniambia haoni shida huku anapapasa kiti, simwachi aende zake. Nawe sikuachi. Nakupigia magoti.

Binti yako

Aprili 11

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu anaendeleaje? Duh, jina moja, mikosi chungu nzima! Huyo binti mfalme angenyamaza tu, akala zake akalala. Mimi sina farasi, nina jipu, na nimelipaka dawa.

Msije sasa, mtoto bado mchanga, safari ndefu. Akikaza shingo mtamleta.

Mama yako

Aprili 30

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu nyingi. Mimi silali kwa ajili yako, wewe unanitania! Kama unaniona mwongo, sawa. Sikuandikii tena mpaka uniambie umekwenda kwa daktari.

Binti yako

Agosti 16

Mwanangu,

Marahaba ya siku zote ulizoninyima. Hujambo? Mtoto ameota meno? Mwandiko huu ni wa jirani, mkono wangu umevimba, hata sindano haushiki.

Kwa daktari nilikwenda. Nilikwenda mwezi ule ule wa kumi na mbili, siku chache tu baada ya wewe kunisugua mgongo ukanyamaza ghafla. Akanipima, akasema ugonjwa umeshaenea, hakuna cha kukata wala kushona.

Kwa hiyo nilikuamini, mwanangu. Tangu barua ya kwanza nilikuamini, neno kwa neno. Na hiyo r niliiona. Ila jina lilinishtua, nikasikia sanda, nikajua ni yangu. Nikaona heri tugombane. Ulikuwa na kichanga kifuani, nilitaka umnyonyeshe ukiwa umeninunia, si ukiwa unanililia. Uliponyamaza kweli, nikakosa pa kuanzia kurudi.

Masikini yule binti mfalme, hakuna aliyemwamini. Wewe uliaminiwa. Usije ukabeba hilo.

Mtoto abaki na jina lake. Jirani anasema niache, analowesha karatasi.

Mama yako

Agosti 24

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika mchana huu, nimeisomea kaunta, mteja akanipa kitambaa chake cha kufutia miwani nijifute uso.

Kesho alfajiri tunapanda basi, mimi na Kasandra. Huenda tukafika kabla ya karatasi hii, lakini nikikaa kimya tena nitapasuka. Nilikununia, mama. Wewe unavimba mkono, mimi huku nanuna! Na wewe ukaniachia ninune! Umenionea sana, na nikifika nitakugombeza mbele ya huyo jirani yako, asikie mtaa mzima.

Nisubiri. Nakuomba tu nikute mtu wa kumgombeza.

Binti yako