Ramani ya Zizi la Nyangate

Kisii Mjini,
Agosti 1958

Kwa kaka yangu mpendwa Ombui,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa. Natumaini joto halijakuyeyusha na kile kikohozi ulichotuandikia kimekwisha. Huku tungali hai. Mama ni mzima ila hasemi sana. Mahindi yamebeba, na ndizi zipo. Baba siku hizi anakunywa uji tu. Sababu nitakueleza, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unajua nilianguka mtihani wa upimaji ardhi pale chuoni Nairobi. Nikianguka tena mwezi ujao, ndiyo kwaheri ya uhandisi. Mwalimu alisema hana muda wa wazembe. Aliyekuwa na muda ni mwenzangu Yakub, mwana wa mfanyabiashara wa ng'ombe wa hapa Kisii. Pale bwenini tulianzisha risaga yetu kama ya shambani: leo wewe unalima kwangu, kesho mimi nalima kwako. Yeye alinifundisha hesabu na upimaji, nami nikamfundisha kuchora mitambo, maana mistari yake ilipinda kama njia ya mlevi. Likizo ilipofika akaja kukaa kwetu Nyamira ili aninoe vizuri. Mama alimpenda. Baba alimtolea jogoo, tena akampa kisu achinje mwenyewe kwa dini yake. Kumbuka hilo la jogoo, kaka.

Yakub hakuniacha nipumue. Alinipa kamba na vigingi, akaniambia nipime kilima chetu chote nikichore: njia, kijito na kila boma, hata zizi la jirani yetu Nyangate. Nilipokosea alinirudisha kijitoni nianze upya, huku akinicheka. Nyangate alikuja kuuliza tunahesabu nini zizini mwake. Nami, kwa kiburi cha msomi, nikamjibu kwamba hata nikimweleza hataelewa. Domo langu hili, kaka! Lingekuwa la mtu mwingine ningelipiga kofi.

Asubuhi moja zizi la Nyangate likakutwa tupu. Mayowe yalipigwa, na kabla umande haujakauka uwanja wetu ulijaa mapanga na marungu. Waliingia chumbani kwetu wakatoka na ramani yangu. Zizi lilikuwemo, na mlango wake, na njia ya mkato ya kushukia barabarani, vyote kwa wino. Nyangate akapaza sauti kwamba aliyechora ndiye aliyeiba, na anayenunua ng'ombe ni babake huyu. Nikasema ramani ni yangu, ni mkono wangu. Niliapa kwa Mungu na kwa mama. Wakanisukuma kando wakisema nisimfiche mwizi.

Wakamwangusha Yakub. Rungu moja lilimpata mbavuni, jingine mdomoni. Meno yake niliyaona chini kwenye majani ya migomba. Aliinua mkono wa kulia akinge kichwa, panga likamkata vidole viwili. Hakuwaomba wao. Aliita jina langu. Kaka, damu ilinichemka hadi masikioni. Nilinyakua mpini wa jembe nikaingia kati, nikampiga kila niliyemfikia. Nyangate nilimvunja mkono, na sina huzuni naye. Mwingine alikuwa amenipa mgongo, panga juu, analenga shingo ya Yakub. Nilipopiga kelele akageuka, nami nikampiga usoni kwa nguvu zangu zote. Taya likavunjika, nikalisikia.

Alikuwa Baba, yule yule aliyemtolea jogoo. Sitakudanganya kwamba sikumtambua. Lile koti la khaki ulilomtumia wewe, nililiona kabla hajageuka.

Ugomvi uliishia hapo. Watu walirudi nyuma, si kwa kumhurumia Yakub, bali kwa kumwogopa mwana aliyempiga babake. Nilimbeba Yakub hadi barabarani, lori likatuleta hospitalini huku Kisii. Ataishi. Nalala kwao, na mamake, Kaltuma, hunipa chakula bila kunitazama. Kila siku namfundisha kuchora kwa mkono wa kushoto, naye ananifundisha upimaji kwa mdomo uliovimba. Nikikosea, bado anacheka. Ng'ombe hawajapatikana.

Sasa lililonileta kwako. Taya la Baba limefungwa kwa kitambaa, hawezi kusema. Unajua kwetu neno la laana la baba aliyepigwa na mwanawe humfuata mwana hadi kaburini. Mama aliniambia sokoni kwamba kitambaa kitafunguliwa mwisho wa mwezi, na kwamba wazee wanataka mbuzi wa utakaso, na mwana mkubwa awepo. Sitasema sitarudia. Nikimwona tena na panga lile juu, nitampiga tena, kisha nitalia kama ninavyolia sasa. Lakini naogopa, kaka. Njoo. Nataka akifungua kinywa akuone wewe kwanza, kabla hajanitaja mimi.

Nisalimie shemeji Roda na watoto. Usiwaambie.

Nduguyo, ambaye hadi mwisho wa mwezi bado ni mwana wa Baba,
Ombati