Kumbukumbu za Kikao Juu ya Mguu Uliochorwa Kwenye Bango la Ngoma

KIKUNDI CHA NGOMA UMOJA, MTONI, TEMEKE

Kikao cha kamati cha haraka kilichofanyika Jumapili tarehe 16 Juni 1974, barazani kwa Mwenyekiti, kuanzia saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Romani Chilumba, Mwenyekiti
2. Ndg. Fransis Nangonga, Katibu, ndiye anayeandika
3. Bi Sesilia, Mkuu wa kina mama
4. Bi Margareta, Mjumbe
5. Ndg. Leonardi Anselmo, Mjumbe, fundi vinyago (alikuja amevaa viatu vya kufunga kamba)

MWALIKWA
Ndg. Sadallah Mfaume, kutoka Tawi la Chama. Yeye ni mwenyeji wa hapa hapa pwani, si mtu wa kusini.

ALIYEKUJA MWENYEWE
Bi Eufrazia, mama yake Leonardi, mjane wa marehemu Anselmo. Alikaa mkekani karibu na mlango.

WASIOHUDHURIA
Bi Mauwa, amejifungua mtoto wa kike. Ndg. Nassibu mpiga ngoma, hakutoa taarifa. Katibu anajua alipo ila si ajenda.

KUMB. NA. 1/6/74: KUFUNGUA NA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Mwenyekiti alifungua kikao akasema leo hakuna soda wala kicheko. Kumbukumbu za kikao kilichopita zilisomwa na Katibu kwa sauti, bila kukwama. Mwenyekiti alisema kumbukumbu hizo zina Katibu mno, kila mstari Katibu. Katibu alijibu kwamba kazi zilifanywa na Katibu, sasa aandikwe nani? Zikapitishwa.

KUMB. NA. 2/6/74: UCHUNGUZI WA MABANGO

Ndg. Sadallah alitaka aelezwe jambo tangu mwanzo, maana alipewa habari nusu nusu njiani. Akaelezwa.

Jumamosi ijayo vikundi vitashindana hapa Mtoni, na kitakachopendeza ndicho kitakachocheza Sabasaba. Mwaka jana Umoja hatukupata watu. Bango letu lilikuwa maneno matupu, limetundikwa juu kabisa kwenye ukuta wa duka la ushirika. Hakusimama mtu. Basi mwezi wa nne kamati iliwatuma Bi Sesilia na Bi Margareta wakakae wachungulie watu wanatazama nini.

Bi Sesilia alirudia taarifa yake. Kituo cha basi watu hawasomi, wanatazama basi linakotokea. Kilabuni wanasoma, wakitoka wamesahau. Dukani wanasimama kwenye bango la muziki wa dansi kwa sababu lina picha ya mtu, la maneno wanalipita kama ukuta. Wengi wa kisomo cha watu wazima bado wako herufi za mwanzo mwanzo. Mahali pazuri kuliko pote ni bombani. Pale foleni ni ndefu na macho hayana kazi. Ila bango lishuke chini. Mwenye ndoo ya maji kichwani hainui shingo.

Ndg. Sadallah alisema uchunguzi huo ni wa maana hata Tawi hawajawahi kufanya. Kamati ilipokea sifa. Hapo Katibu aliongeza kwamba wazo la kuchunguza lilikuwa lake. Bi Margareta akasema, "Baba, lilikuwa la Sesilia." Katibu alisema lilikuwa la wote.

KUMB. NA. 3/6/74: UTENGENEZAJI WA BANGO

Mwenyekiti alikumbusha kwamba yeye alitaka apewe kazi yule kijana anayepaka rangi kuta za baa, na kwamba alishindwa kwa kelele, hakushindwa kwa hoja.

Katibu alieleza alivyofanya. Alichukua karatasi za mifuko ya saruji akazikung'uta, akageuza upande wa ndani. Akakata sura ya lipiko kwenye karatasi ngumu ya kasha kwa wembe, ili bango moja na jingine yafanane kama mapacha. Rangi akaipitisha kwa brashi ya kunyolea ndevu. Juu aliandika UMOJA, chini JUMAMOSI MTONI, basi. Herufi zile hakufundishwa na padri wala mwalimu, alizisoma mwenyewe kwenye makasha bandarini akibeba mizigo, na ubao alioandika usiku wa Uhuru watu walitoka Msasani kuja kuutazama.

Mwenyekiti alisema hayo ya Uhuru kamati imeyasikia.

Ndg. Sadallah aliuliza lipiko ni nini. Mwenyekiti alijibu kwamba lipiko ni kitu cha watu wa kusini. Linavaa sura ya mti na nguo kutoka shingoni mpaka kifundo cha mguu, linacheza, linatisha, linachekesha. Si mtu. Ni marehemu anayetoka porini kuja kuwatembelea watoto wake. Ndg. Sadallah akauliza, "Sasa si afadhali huyo mchezaji mwenyewe aitwe hapa tumsikilize?"

Kina mama walitazama paa.

Mwenyekiti alisema, "Ndugu Sadallah, ndugu yangu, nimekwambia ni marehemu." Akaeleza kwa upole kwamba mwanamke hatakiwi kujua zaidi ya hapo. Lipiko likishajulikana, sura yake inachomwa moto na aliyeliamsha hachezi tena maisha yake. Ndg. Sadallah aliomba radhi.

Mwenyekiti alimwuliza Katibu kwa nini amechora mguu namna ile. Bango lilitandazwa chini watu wakaona. Mguu wa kushoto kidole cha pili kimepanda juu ya kidole gumba na kukilalia.

Katibu alijibu kwamba mwaka jana Mwenyekiti alisema mbele za watu kuwa miguu anayochora Katibu ubaoni inafanana na mihogo. Neno lile Katibu hakulisahau. Safari hii alihakikisha miguu. Siku ya Pasaka lipiko lilipocheza alikaa mbele kabisa akatazama chini peke yake, wenzake wakitazama sura. Alichora alichokiona kwa macho yake mawili na hakukisia hata ukucha. Kama mguu umetoka vizuri kuliko ilivyotakiwa, hilo si kosa la mchoraji.

Mwenyekiti alisema, "Bora mihogo."

KUMB. NA. 4/6/74: YALIYOTOKEA BOMBANI

Bi Margareta alitoa taarifa. Ijumaa asubuhi bango lilikuwa limewekwa bombani, chini, kama uchunguzi ulivyosema. Foleni ilikuwa ndefu, maji yanatoka kama machozi. Kina mama wa kusini walilitazama bango mara moja tu. Kila mmoja akawa anapanga ndoo yake upya, ingawa ndoo ilikuwa sawa.

Akaja Somoe, binti wa jirani, Mzaramo, hajui mila. Akachuchumaa mbele ya bango akacheka. Akasema kwa sauti, "Jamani, mbona hiki kidole cha kaka Leonardi, fundi vinyago!"

Bi Margareta alisema kina mama waliziba masikio, mmoja akaacha ndoo yake ikajaa ikamwagika. Yeye alimwambia Somoe, "We mtoto, teka maji uende." Ila neno lilishatoka. Jioni lilikuwa limefika kilabuni.

Jina hili Katibu ameliandika kwa kuwa limesemwa bombani. Katibu hakulisema.

Mwenyekiti aliuliza kama kina mama wamejua kitu. Bi Margareta alijibu, "Baba Mwenyekiti, sie tumeona kidole. Kidole si mtu."

Ndg. Leonardi aliulizwa na Ndg. Sadallah kama haoni joto na viatu vile. Alijibu, "Nimezoea, mzee."

KUMB. NA. 5/6/74: LA KUFANYA

Mwenyekiti alieleza kwamba wazee wa kiume wamekaa jana wakaona mambo mawili. Ama sura ichomwe mara moja na Umoja wapeleke Jumamosi ngoma bila lipiko, ama wajitoe kwenye mashindano. Alisema sura ile ilichongwa na marehemu Anselmo mwenyewe kule kwao kabla hawajavuka kuja huku. Haijapata kucheza vizuri kama ilivyocheza miaka hii mitatu, na yeye kuichoma haimpi raha. Lakini mila haimwulizi mtu raha yake.

Katibu alipendekeza mabango yabanduliwe yote, aupake mguu rangi nyeusi. Bi Sesilia alikataa. Alisema, "Ukifuta mguu mmoja katika miwili, babu, umeandika jina lake pale kwa herufi zako za bandarini." Watu walicheka, Mwenyekiti naye. Katibu hakuona kichekesho.

Mwenyekiti alimwuliza Ndg. Leonardi kama ana neno. Ndg. Leonardi alisimama. Alisema yeye ni fundi vinyago na mambo ya porini hayajui, kama wote waliokaa hapa. Ila kama sura itachomwa, anaomba asiambiwe yeye kuwasha moto. Akakaa.

Mwenyekiti alisema basi, ichomwe kesho alfajiri, na akaanza kuuliza nani ataleta mafuta ya taa.

KUMB. NA. 6/6/74: NENO LA BI EUFRAZIA

Bi Eufrazia alikohoa akaomba kusema. Mwenyekiti alisema yeye si mjumbe. Ndg. Sadallah alisema Tawi halioni ubaya mama akisema. Mwenyekiti akamruhusu kwa kifupi.

Bi Eufrazia aliomba bango lisogezwe mkekani, macho yake hayaoni mbali. Likasogezwa. Alilitazama muda. Aliweka kiganja juu ya ule mguu kama anaupima joto.

Akasema, "Mnabishana nini, wanangu? Huu mguu nimeukanda mie mafuta ya nyonyo tangu ujana wangu mpaka siku tuliyouvika sanda. Kidole hiki kilikuwa kinamuuma mvua zikija. Romani, umesahau? Ulikuwa unamtania ukweni kwamba vidole vyake vinagombea shuka."

Mwenyekiti alijibu kwa sauti ndogo kwamba hajasahau.

Bi Eufrazia akaendelea. "Ni mume wangu huyu. Mnasema wenyewe lipiko ni marehemu. Sasa marehemu amekuja na mguu wake, mnataka kumchoma moto? Mwanangu anao mguu kama huu, kweli, kwani aurithi wa nani? Wa jirani?"

Bi Sesilia alisema, "Hata mie niliuona nikasema moyoni, huyu Mzee Anselmo." Bi Margareta alisema na yeye vile vile. Aliongeza kwamba kesho asubuhi atakuwa wa kwanza bombani, na kila atakayekuja na ndoo ataambiwa hivyo. Somoe ataambiwa mara mbili.

Mwenyekiti alimgeukia Katibu akasema, "Fransis. Ninakuuliza mbele ya kikao, ujibu sawa sawa. Ulimchora nani?"

Ieleweke kwamba Katibu alikuwa ameshasema katika Kumb. Na. 3 kuwa alichora alichokiona Pasaka kwa macho yake mawili. Kikao kizima kilimtazama, na Ndg. Leonardi alitazama viatu vyake.

Katibu alijibu kwamba alimchora marehemu Anselmo. Walibeba mizigo pamoja bandarini, mguu ule anaujua. Alichora kwa kukumbuka. Siku ya Pasaka aliona vumbi tu, kwa kuwa macho yake siku hizi si mazuri.

Mwenyekiti aliuliza, "Si mazuri?"

Katibu alijibu, si mazuri, na hayakuanza leo.

Ndg. Sadallah aliuliza kama jambo limekwisha. Akaambiwa limekwisha.

MAAZIMIO
(a) Sura haitachomwa. Lipiko litatoka Jumamosi kama kawaida yake.
(b) Mabango yabaki yalipo, pamoja na la bombani. Yasiguswe.
(c) Bango moja apewe Bi Eufrazia akaweke chumbani kwake, kama alivyoomba.
(d) Mwenyekiti alisema miguu imetoka vizuri. Katibu alimwomba arudie ili iandikwe barabara. Hakurudia.

KUMB. NA. 7/6/74: MENGINEYO

Mwenyekiti alimtaka Katibu afute yale aliyoandika kwenye Kumb. Na. 3 juu ya macho mawili na ukucha, kwa kuwa hayapatani na Kumb. Na. 6, na kitabu hiki huwa kinasomwa mbele ya wote. Katibu alikataa. Alisema tangu ashike kalamu hajapata kufuta mstari na hataanza uzeeni, karatasi itatoboka. Wakabishana kidogo.

Bi Sesilia alitoa njia. Alisema iongezwe sentensi moja tu mwishoni, na asomaye ataelewa. Mwenyekiti akaagiza iandikwe kwamba Katibu ana kawaida ya kujisifu kwa mambo ambayo hakuyaona.

Imeandikwa.

Watu walitawanyika saa kumi na moja na nusu. Ndg. Leonardi alikaa kwenye ngazi ya baraza akafungua kamba, akavua viatu vyote viwili. Alivibeba kwa mkono mmoja na bango kwa mkono wa pili, akaondoka pekupeku na mama yake. Hakuna aliyemtazama miguu.

Sahihi: R. Chilumba, Mwenyekiti

Sahihi: F. Nangonga, Katibu, kwa mkono wake mwenyewe, bila miwani