Gusberi za Kaburini kwa Tumaini

Jumanne, 8 Julai
Nimekamua ng'ombe, nimesali. Umande umeganda tena. Gusberi za bustanini, vile vitunda vya ganda kama karatasi, zimeungua, majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Zilizo kwenye kaburi la binti yangu Tumaini zimesimama. Nadhani simenti inatunza joto la mchana. Nadhani tu. Zilijiotea zenyewe. Hapa kwetu kinachoota kaburini hakiliwi.

Alhamisi, 10 Julai
Makambako, kliniki, na mjukuu wangu Neema, mtoto wa Tumaini. Jua likizama haoni, anapapasa ukuta. Naogopa marehemu mama yake anamvuta aende kwake. Nesi kampa matone ya vitamini, kasema na vyakula vya njano kila siku. Nikamtajia gusberi.
"Hizo hasa, bibi. Ila ziive zenyewe, ganda likauke, tunda liwe rangi ya chungwa. Vitamini inaongezeka kadiri linavyoiva. Bichi litamchoma tumbo."
Kasema pia zina vitu vinavyokinga mwili usichakae. Jina lavyo limenitoka.

Jumamosi, 12 Julai
Nimechuma za bustanini zilizobaki, kijani, nikazivundika kwenye majivu kama ndizi. Za kaburini zinaanguka zenyewe na maganda yao. Nikipita nasikia kama mtu anakanyaga majani makavu. Nageuka, hakuna mtu. Sasa napitia nyuma ya zizi.

Jumanne, 15 Julai
Za majivuni zilipata unjano kidogo, nikampa Neema. Katapika mchana kutwa. Nesi alinionya. Nilijua.
Wifi yangu Atu kaja kumwona. Nikamwambia nawaza kumpa za kaburini.
"Wifi, unataka marehemu amlishe mtoto? Haya. Akidai amnyonyeshe pia?"
Kacheka, ila chai hakumaliza.
Nimeomba. Namwogopa mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Inaniuma kuandika.

Alhamisi, 17 Julai
Jioni Neema kaniita nami nimesimama mbele yake. Kanishika uso, kauliza, "Ni wewe, bibi, au ni mama?"
Nikamshika mikono, nikasema ni mimi.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya ibada nimefagia kaburi. Nikaokota zilizoanguka, nikamenya, nikaosha. Rangi ya chungwa kabisa. Nikashukuru kwa sauti, kama mezani. Nikala mimi kwanza, nikasubiri. Tamu, na uchachu kwa mbali.
Nikamwita Neema. Kala ameegemea simenti, miguu kainyoosha juani. Kauliza kama mama alizipenda. Nikasema sana, alikuwa hatubakizii.
Tumekaa pale watatu mpaka jua likahama.