Upande wa Abel

La Bastidette,
Bonde la Viaur,
Aveyron.
12 Juni 2019

Mpendwa mdogo wangu Firmin,

Salamu zangu zikukute mzima huko Nouméa, wewe na wifi yangu Maryse, na huyo Loïc wenu ambaye nasikia siku hizi anainama akipita mlangoni. Jongo la mguu limepoa? Najua daktari amekukataza mvinyo, na kwa kuwa nakujua, najua pia humsikilizi. Huko kwenu sasa ni majira ya baridi, ingawa baridi yenu sisi tungeivalia kaptula.

Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, nafua. Umeniuliza kama nalia sana. Hapana, Firmin, silii. Tangu shemeji yako Abel aanguke akafa pale jikoni mwezi wa Novemba, sijatoa chozi hata moja, si kanisani wala makaburini. Watu walinisifu kwa moyo mgumu. Si moyo mgumu. Nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Tofauti ni kwamba mguu ukiupigapiga huamka.

Kijiji hakijambo. Paa la kanisa linavuja tena, safari hii juu ya kiti cha Bi Delpuech, asiyekataliwa neno na mtu, kwa hiyo litatengenezwa upesi. Mkate unaletwa na gari siku tatu kwa wiki, na anayechelewa anatafuna wa jana. Jirani yangu, mzee Ernest Lagarrigue wa kondoo, bado anagombana na kila kinachopumua. Zamani nilikuwa nikicheka vituko vyake hadi mbavu ziume. Sasa navisikia tu.

Kuna jambo nataka kukueleza, na sijui nianzie wapi.

Unajua kwamba mimi na Abel tulikuwa tunatunza kipande cha njia ya watembea kwa miguu, kutoka kanisani, kupitia msitu wa mialoni, hadi kwenye daraja la mto. Chama cha watembeaji ndicho kilichotukabidhi. Kila masika tulipaka upya zile alama, mstari mweupe juu na mwekundu chini, kwenye miti na mawe. Alama ya mtu anayeshuka, anayepanda haioni, maana iko mgongoni mwa mti. Kwa hiyo lazima kupaka pande zote mbili. Asubuhi tulishuka, Abel akipaka alama za wanaoshuka na mimi nikikata miiba. Darajani tulikula. Kisha tukageuka na kupanda, nikishika brashi mimi na mkasi yeye. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa mdomo. Ilitokea tu mwaka wa kwanza, ikawa sheria ya nyumba. Kushuka kwa Abel, kupanda kwangu.

Abel alikuwa wa mkono wa kushoto, na mistari yake ilikuwa na tabia ya kuinuka upande mmoja. Wenzake wa chama walimtania, "Abel, wewe hata rangi yako inapanda mlima!" Naye aliwajibu, "Nawafundisha, maana miguu yenu imesahau."

Mwezi wa Aprili nilikwenda peke yangu. Asubuhi nilishuka nikikata miiba, makopo ya rangi yamefungwa mgongoni. Nikala darajani. Kisha nikafungua makopo, nikapanda nikipaka upande wangu, vizuri kabisa, hata kwa majivuno kidogo. Nikarudi nyumbani nikaosha brashi. Nakuapia, Firmin, sikuona kwamba nimefanya nusu ya kazi. Mkono ulifanya uliyoyazoea, wala haukuniuliza.

Wa kwanza kuja kushtaki alikuwa Lagarrigue. Juu ya kinu cha zamani njia inagawanyika. Anayeshuka anatakiwa akate kushoto, asipokata anatokea uani kwake.

"Noélie," akasema, bila hata kuvua kofia, "niambie ukweli. Nimefungua hoteli bila kujijua?"

"Kuna nini tena, Ernest?"

"Wageni! Kila siku wageni! Jana wamenikuta nimevaa chupi, nakamua. Mholanzi mmoja akanipiga picha. Sasa nitakuwa ukutani kwa watu huko Uholanzi, mimi na chuchu za kondoo!"

"Watakuonea wivu."

"Cheka wewe. Ile alama ya mumeo kwenye mwaloni imefifia. Ipake."

Nilimwambia nitaipaka. Nikaenda na kopo, nikasimama mbele ya ule mwaloni, nikaitazama. Ilikuwa imebaki kivuli tu, lakini ule mwinuko wa mkono wake ulionekana. Nikarudi na kopo langu. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho mkono wangu ulikuwa umeshaelewa tangu Aprili. Nguo zake niligawa bila taabu. Viatu vyake anavaa mtoto wa fundi bomba. Lakini kwenye miti ile yote Abel alikuwa bado yupo, na mimi ndiye nitakayemfunika kwa brashi.

Kwa hiyo sikupaka. Mei yote ikapita hivyo.

Mwishoni mwa Mei wakaja baba na binti yake, watu wa Toulouse. Pale njia panda hawakuona kitu, wakaenda moja kwa moja, wakakutana na mbwa wa Lagarrigue. Kwa kumwogopa wakateremka kando hadi mtoni, wakitafuta daraja. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima iliyotangulia. Mtoto akateleza, akaingia kwenye maji mengi, na Lagarrigue ndiye aliyemvuta kwa ile fimbo yake ya kondoo. Walipoagiza nguo kavu kwangu nikapeleka. Msichana mdogo, wa miaka tisa au kumi, amekaa mbele ya jiko, midomo ya buluu, anatetemeka hadi kikombe kinagonga meno. Baba yake anatetemeka kuliko yeye. Nilimtazama yule mtoto nikangoja kuumia. Sikuumia. Nilimvalisha soksi, nikafikiri tu kwamba soksi zangu zile zitachafuka. Firmin, hilo liliniogofya kuliko kifo cha Abel.

Kesho yake Bi Delpuech, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama, alikuja na mkate mtamu wa mayai chini ya kwapa. Akija na mkate ujue ana neno.

"Dada yangu, sikuja kukugombeza."

"Basi kata mkate."

"Watembeaji wa sikukuu ya Pentekoste wanakuja, njia itajaa. Nina kijana huko mjini Rodez, anafanya kazi safi, ana kile kibati kilichokatwa matundu ya mistari, mistari yake imenyooka kama ya kiwandani. Atapita siku moja tu, pande zote mbili."

"Zangu pia?"

"Zote. Wewe upumzike. Umefanya vya kutosha."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliongea kwa upendo, wala simlaumu, lakini aliniuma. Nikamwambia, "Nipe hadi Jumamosi. Kama Jumamosi sijapaka, mlete huyo kijana na kibati chake." Akanikatia kipande kikubwa, akaondoka.

Jumamosi ile nilianzia kanisani. Alama ya kwanza ya Abel iko kwenye jiwe la ukuta wa makaburi. Kabla ya kupaka lazima usugue kwa brashi ya waya, utoe rangi iliyolegea na yale majani mororo ya kijani. Nikasugua. Chini ya nyeupe ya Abel ikatokea nyeupe nyingine, nayo imeinuka upande mmoja. Chini yake nyingine tena, matabaka kama kitunguu. Zote za kwake. Nilisimama pale na brashi, nikahesabu kimoyomoyo mara ngapi Abel mwenyewe amemfunika Abel. Hakuhifadhi hata moja. Angeliniona nazilinda kama masalia ya mtakatifu angelinicheka mbele ya watu.

Nikapaka. Sikuhisi kitu. Nikapaka ya pili, ya tatu, na miiba ikinichana kwa kuwa hapakuwa na wa kuikata. Mistari yangu mimi imelala sawa. Kila niliposonga mbele, nyuma yangu upande wa Abel ulikuwa umekwisha.

Nilikuwa nimejiwekea siri moja. Moja nitaiacha. Ule mwaloni wa njia panda, nilijiambia, nitauacha kama ulivyo, Lagarrigue apige kelele apendavyo. Nikaufikia. Nikakaa kwenye mizizi, nikautazama muda mrefu. Kati ya alama zote za bonde hili, hiyo ndiyo iliyofifia kupita zote, na hapo ndipo mtu anapopotea. Nikawaza zile soksi. Nikainuka nikasugua, nikapaka nyeupe, nikapaka nyekundu, na chini yake mshale wa kushoto.

Rangi ilikuwa mbichi bado nilipomsikia mtu anashuka. Kijana mrefu, mzigo mgongoni, anatafuna tofaa. Hakuniona, nilikuwa upande wa pili wa mti. Aliinua macho kwenye alama, akakata kushoto bila kupunguza mwendo, akaenda zake.

Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Miaka yote Abel alifanya kazi ili mtu asiyemjua apite hivyo. Nikalia, Firmin. Nililia kwa sauti kama mbuzi, nimekumbatia mwaloni, rangi ikanipaka shavu zima, na nikalazimika kuipaka ile alama upya. Maumivu yalikuja yote kwa pamoja, nami nikayashukuru. Leo ni siku ya nne. Yapo, hayajaondoka.

Nisalimie sana wifi Maryse, umwambie mbegu zake za maua zimeota. Mbusu Loïc kama atakubali. Shangazi Eulalie anawasalimu. Masikio yamekufa, ulimi mzima. Lagarrigue naye anasema hajambo, na kwamba hajaona mgeni uani tangu Pentekoste, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyimwa.

Umeniandikia nihamie kwenu. Hapana, ndugu yangu, ingawa Mungu akulipe kwa kuniita. Badala yake njoo wewe masika, uje na viatu vya maana. Upande wa Abel sasa ni wangu, na wangu umebaki hauna mtu wa kuupaka.

Mola akulinde wewe na nyumba yako, bahari zote hizi zilizo kati yetu azifanye fupi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Noélie