Mtu Aliyekaa Juu ya Tairi

Ijumaa, 14 Novemba 2025

Babu Ameir kafika. Kanzu imekunjika, kofia imenyooka. Nilimwombea kiti cha magurudumu uwanja wa ndege — kakikataa mbele za watu. Kasema apewe mwenye miguu mibovu, yeye mabovu ni macho tu.

Kala wali kidogo, kaswali, kakaa anasikiliza ndege. Hapa Al Thumama, Doha, zinapita juu ya vichwa vyetu. Kila moja anauliza inakwenda wapi. Mie nitajuaje?

Daktari wa kliniki ya macho ninapofanya kazi mapokezi kaniahidi atamtoa mtoto wa jicho yeye mwenyewe. Jicho la kulia kwanza, Alhamisi ya tarehe ishirini na saba, inshallah. Mama kanionya kwenye simu: asikudanganye kuwa anaona. Jioni kalisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikuwa natafuta dawa yake ya presha kwenye begi. Nikakuta kopo la biskuti limefungwa kwa mpira. Ndani yake filamu za kamera, vipande vipande, kila kimoja kimeviringishwa kwenye karatasi. Nikamuuliza ni nini.

"Ujana wangu huo. Usiuguse kwa vidole."

Sote nyumbani tunajua babu alikuwa baharia, kisha akakaa Ulaya. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, "Ulaya", na mada inaishia hapo. Leo ndiyo kanieleza. Alikuwa dobi melini. Meli ikaingia Genoa kutengenezwa, mwaka hamsini na tano. Siku moja akasikia mlio kutoka upande wa milimani. Akaufuata kwa miguu. Akakuta barabara imefungwa, watu wamepanga marobota ya majani makavu kila kona, na magari mekundu ya mbio yanapita baina ya nyumba kama yametupwa.

Meli iliondoka bila yeye.

Akapata kazi kwa mpiga picha wa magazeti, Corrado Bessi, aliyekuwa akiyafuata mashindano nchi hadi nchi. Babu alibeba mikoba na kusafisha filamu ndani ya bafu. Siku Bessi alipopatwa na homa, alimpa babu kamera. Akamwambia: nenda, elekeza, usikate watu vichwa. Tangu siku hiyo wakawa wapiga picha wawili na jina moja, la Bessi.

Nikamuuliza kwa nini kaja nazo Doha. "Nikipata jicho," kasema, "nataka nizione."

Jumanne, 18 Novemba

Nimepeleka kopo kwa Job, Mkenya mwenye studio Fereej Bin Mahmoud, ghorofani juu ya duka la vipuri vya simu. Kazi yake kubwa ni picha za pasipoti. Lakini ana mashine ya kusomea filamu za zamani, maana Wahindi wanamletea harusi za wazazi wao.

Kaweka kipande cha kwanza. Kavuta kiti karibu.

"Saida, huyu mzee wako si wa kawaida. Cheki hii."

Nami nikaona. Dereva kashuka garini, uso mzima mweusi kwa mafuta, isipokuwa duara mbili nyeupe pale miwani ilipokuwa. Anacheka, lakini mikono yake imeng'ang'ania hewa, kama bado inashika usukani. Nyingine: mtawa wa Kikatoliki ukingoni mwa barabara, kashika mwavuli, gari limeshapita na mwavuli umegeuka nje ndani. Nyingine: mwanamke amekaa juu ya ukuta na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Haitazami saa, anatazama kona. Gari halimo kabisa. Ila nimeliona likichelewa, kwenye uso wake.

Job kasema watu wote hupiga gari, huyu kapiga wanaolisubiri. Kasema atazifanya zote, nisimharakishe.

Nimekwenda miaka yote hii kwa babu wakati wa Idi, nikambusu mkono, nikala halua yake. Sikuwahi kumuuliza hata swali moja la maana.

Jumatano, 19 Novemba

Babu kanifundisha kupiga picha ya gari, sebuleni, kwa rimoti ya televisheni.

"Gari hulipigi. Unacheza nalo. Geuka kiuno, fuatana nalo, bonyeza mwili ukiwa bado unazunguka. Ukisimama umekwisha."

Miaka tisini na moja, na kiuno kinazunguka laini kuliko changu. Nikamwambia basi anafaa kucheza ngoma harusini. Kasema harusi ya nani, mke wangu, wewe mwenyewe hutaki kuolewa. Tukacheka.

Kanieleza kuwa madereva hawakujifunga mikanda. Wengi walisema bora kurushwa nje kuliko kuungua ndani. Walivaa shati na tai chini ya ovaroli, kama wanakwenda ofisini. Asubuhi unakunywa nao kahawa, jioni kiti kimoja kitupu na hakuna anayekivuta. Kasema hayo kwa sauti ile ile anayoombea chumvi.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku nzito. Niandike taratibu.

Wiki ijayo kuna mbio za magari Lusail, na mji mzima umejaa matangazo ya magari. Hoteli moja ya West Bay imefungua maonyesho ya picha za mbio za zamani za Ulaya. Nikaona baada ya swala ya Ijumaa nimpeleke. Mapokezi tulipokewa na Cheryl, binti wa Kisumu, mpole. Kamwita "mzee wetu" na kutuletea maji.

Babu haoni picha za ukutani. Anaona mwanga na kivuli. Kwa hiyo nilikuwa namsimulia. "Hapa gari jeupe linapanda mlima." Yeye: theluji ipo kushoto? Ipo. "Hii ya Bessi," anasema, "Bessi alipenda theluji." Na kweli chini imeandikwa Bessi. Kila picha nzuri alimsifu yule bwana. Hana kinyongo hata chembe. Kasema Bessi alikuwa hodari kuliko yeye kwa magari, mkono wake haukutikisika.

Tukafika kwenye picha kubwa, ile waliyoiweka peke yake ukuta wa mwisho. Nikaanza: "Kuna mtu amekaa juu ya tairi, amevaa ovaroli, gari linapita nyuma yake kama moshi. Anakula—"

"Pichi," kasema babu.

Na kweli lilikuwa tunda la pichi.

Nikamsomea maandishi. Fundi asiyejulikana, Italia, 1956. Picha: Corrado Bessi.

"Asiyejulikana nani?" Sauti ilipanda, watu wakageuka. "Tullio huyo. Tullio Marangon. Nimelala naye chumba kimoja mwaka mzima. Kanipa koti lake la baridi, yeye akavaa magazeti kifuani."

Nikamuuliza polepole, babu, hii nani kapiga? Kajibu kama nimemuuliza njia ya msalani: "Mimi. Bessi alikuwa upande wa pili wa barabara."

Kisha akaweka kiganja juu ya kioo cha picha. Haruhusiwi. Cheryl kaona, kageuza uso.

Jumamosi, 22 Novemba

Jana usiku kaniambia yaliyobaki. Mwezi mmoja baada ya ile picha gari lilitoka barabarani, kona ya mteremko. Tullio alikuwa amesimama pale na dumu la maji. Babu ndiye aliyempelekea mama wa marehemu nakala ya picha, kijijini, kwa basi. Mama kaitazama, akauliza kitu kimoja tu: pichi lilikuwa tamu?

Babu hakujua. Akamjibu lilikuwa tamu.

Hakukaa sana Italia baada ya hapo.

Mie usingizi sikupata. Nina hasira, na hasira yangu ni ya jina la chini, si la juu. Picha: Corrado Bessi. Watu wanapanga foleni kupiga selfi mbele yake. Nimemwambia babu tuidai. Kasema Bessi alimpa kitanda, sahani na kamera, na gazeti la wakati ule lisingechapa picha ya Ameir Pandu. "Jina lake ndilo lililofungua mlango. Niache." Anachotaka ni kimoja: Tullio aandikwe.

Nimesema sawa, babu. Na asubuhi nilikwenda West Bay peke yangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeharibu.

Jumamosi ile nilimweleza Cheryl yote, naye kanisaidia kuandika barua pepe kwa wasimamizi wa maonyesho. Niliandika kuwa picha ni ya babu yangu na jina lirekebishwe. La Tullio niliweka mwishoni, mstari mmoja.

Leo wamejibu. Wamiliki wa picha za Bessi huko Ulaya wanasema madai ya namna hii huja kila mwaka. Kama kuna ubishi, wataiomba hoteli iishushe picha hadi mambo yaeleweke. Wamesema kwa adabu sana.

Nilimsomea babu. Kasema bila kunitazama:

"Ukiishusha ile picha, Saida, umemzika mara ya pili. Mie niko hai, nina wajukuu. Yeye ana ukuta ule tu."

Hakuwahi kuniita Saida tangu nizaliwe. Huwa mke wangu, au bibi.

Nimelia bafuni, nimefungua maji asinisikie.

Jumanne, 25 Novemba

Job kapiga simu, niende mbio. Nimetoka kliniki kwa ruhusa ya saa moja.

Kapata filamu ya pichi. Bessi alipochagua picha aliikata, akambakishia babu ya kabla yake na ya baada yake. Kwenye ya kwanza Tullio anapangusa pichi kwa shati. Kwenye ya tatu anacheka, maji ya pichi yanamtiririka kidevuni. Ya katikati haipo, na namba za pembeni mwa filamu zimeruka moja.

"Hiyo ya kati ndiyo iko hotelini," Job kasema. "Hakuna ubishi hapo."

Lakini mie nilikuwa namtazama Tullio tu. Anacheka na mtu aliye nyuma ya kamera. Unaona kabisa kuwa anamjua, kuwa wametaniana muda si mrefu. Huwezi kumchekea hivyo mgeni.

Job kanichapia zote kubwa. Nilipompa babu, alizishika karibu na pua, karibu na dirisha, jicho moja kalifumba. Kakaa nazo mpaka adhana ya magharibi. Akaniita: "Bibi, njoo." Basi kanisamehe.

Nimempigia Cheryl. Nimemwomba aongee na msimamizi wa Doha mwenyewe, Bi Hessa, amwambie kuwa hatudai chochote, tunataka fundi apate jina. Katupatia miadi kesho, na nimemwapia babu kuwa sitafungua mdomo juu ya lile jina la chini. Nimeapa kwa kweli.

Jumatano, 26 Novemba

Naandika hapa hapa, kwenye kochi la ofisi ya Bi Hessa. Nimetoa daftari nipate pa kutazama.

Kesho upasuaji. Leo babu kavaa kanzu ya harusi ya kaka yangu na kujifukiza udi.

Bi Hessa ni Mkatari wa makamo, abaya nyeusi, miwani shingoni. Kampokea babu kwa Kiarabu, babu kajibu kwa Kiarabu cha chuo cha Kurani, kizito kama khutba, wote wakatabasamu. Kaiweka ile filamu ya pichi juu ya kioo chenye taa. Kaitazama sana. Hakuonyesha mashaka. Kauliza Tullio alikuwa mtu wa namna gani.

Babu kaeleza, mie nikitafsiri Kiingereza pale Kiarabu kilipomwishia. Koti. Magazeti kifuani. Alivyoimba vibaya chini ya gari. Mama yake. Bi Hessa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

Kisha kasema maandishi mapya yatachapwa leo, kabla wageni wa mbio hawajafika. Picha haishuki, wamiliki ataongea nao yeye. Kampa babu karatasi na kalamu aandike jina la fundi mwenyewe, herufi zisikosewe. Karatasi imeshapigwa mistari miwili. Wa juu mtupu. Wa chini umeandikwa "Picha:" na mbele yake napo patupu. Jina la Bessi hakuliweka.

Simu ikalia. Kaomba radhi, katoka, mlango kauacha wazi.

Sijui kafanya makusudi au la. Sisemi kitu. Nimeapa.

Babu kainama mpaka kofia inakaribia kugusa meza. Anaandika kwa herufi kubwa, moja moja, anasikiliza kalamu inavyokwaruza. TULLIO. Kapumzika. MARANGON. Kapitisha kidole chini ya jina, kuhakikisha limenyooka.

Kaniuliza chini kuna nini. Nimemsomea: "Picha", kisha nukta mbili.

"Na mbele?"

"Hakuna kitu, babu."

Kule nje Bi Hessa anamalizia simu, namsikia anaaga. Cheryl kachungulia mlangoni, kaondoka.

Babu hajanirudishia karatasi. Kidole kimeshuka mpaka mstari wa pili, kimesimama pale penye nafasi. Kalamu bado iko mkononi mwake.